Vidole vyangu havisikii tena kitambaa: je, ngozi imekufa?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, na nafanya kazi Tandika tangu mwaka 2004. Kazi yangu naijua kwa mikono. Nikienda Kariakoo kununua vitambaa huwa sina haja ya kumuuliza muuzaji. Nikipitisha vidole tu najua hii ni pamba, hii ni polista, hii imechanganywa. Sasa huu ni mwezi wa nne mkono wangu wa kulia uko kama umevaa glavu. Kidole gumba, cha shahada na cha kati ndivyo vibaya zaidi, lakini kidole cha mwisho ni kizima. Usiku naamshwa na ganzi na michomo, nakung'uta mkono mpaka itulie. Sindano inaniponyoka bila kujua, ila cha ajabu, sindano hiyohiyo ikinichoma nasikia maumivu kama kawaida. Jirani ananiambia damu haifiki vidoleni, niloweke mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi. Duka la dawa walinipa vidonge vya vitamini B vya mishipa, nimemaliza pakiti tatu. Mimi mwenyewe nadhani ngozi ya vidole imelika na kufa kwa miaka yote hii ya kusugua vitambaa. Naomba unieleze: hisia ya kugusa inakaa wapi hasa, na yangu imepotelea wapi? Inaweza kurudi?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako ina jambo ambalo wagonjwa wengi hulisahau hata wakiwa wamekaa mbele yangu: umetaja vidole kimoja kimoja. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni nusu ya uchunguzi. Hofu yako, kama nimeielewa vizuri, ni kwamba kazi imeilisha ngozi ya vidole na kwamba kilicholika hakirudi. Naomba nikutulize mapema: sidhani kama ngozi yako ina kosa lolote. Ninavyokisia, tatizo liko hatua chache nyuma ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, na tatizo la namna hiyo mara nyingi hutibika likiwahiwa. Nasema nakisia kwa sababu barua haishikiki mkono, na mwishoni nitakueleza kwa nini ni lazima uonane na daktari ana kwa ana.

Tuanze na ngozi, kwa kuwa ndiyo uliyoishtaki. Tabaka la juu kabisa la ngozi limekufa kwa kila mtu, awe fundi au asiwe fundi. Ni seli bapa zilizokauka, zilizolaliana kama makuti ya paa, na hazina neva, yaani mishipa ya fahamu, hata moja. Chini yake seli mpya huzaliwa, hupanda juu taratibu, na baada ya mwezi mmoja hivi au zaidi kidogo hupukutika, kwa hiyo ngozi unayosugulia vitambaa leo siyo ile uliyoanzia kazi mwaka 2004. Mahali panaposuguliwa sana mwili hulinenepesha tabaka hilo, na hiyo ndiyo sugu. Sugu nene huweza kweli kupunguza wepesi wa kuhisi, kama vile kastabini inavyofanya kidole kiwe kizito. Lakini sugu haimwamshi mtu usiku, haichomi, wala haichagui vidole vitatu ikakiacha cha mwisho.

Hisia yenyewe huanzia chini ya hilo tabaka kavu. Kiswahili chetu husema nasikia baridi, nasikia maumivu, nasikia harufu, kana kwamba mwili mzima ni sikio, na kwa upande wa vidole usemi huo unakaribia ukweli kuliko wengi wanavyodhani. Weka kidole kizima cha mkono wa kushoto juu ya kitambaa, kikiwa kimetulia kabisa, ufumbe macho. Utajua kwamba kuna kitu laini, basi. Sasa kisogeze kidole kidogo tu, urefu wa punje ya mchele, na hapohapo nyuzi zitajitambulisha. Kilichobadilika ni kwamba matuta ya alama za kidole yamepita juu ya nyuzi na kuzalisha mitetemo, na mitetemo hiyo ndiyo ngozi inayoisikiliza. Kwa mbinu hiyo kidole cha binadamu kina uwezo wa kushangaza: mwaka 2013 watafiti nchini Sweden walionyesha kwamba mtu anayepitisha kidole anaweza kutofautisha uso laini kabisa na ule wenye makunyanzi ya kina cha nanomita 13 tu, yaani kitu kidogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Wewe na wenzako wa Mtaa wa Kongo, kule Kariakoo, mmekuwa mkifanya jambo hilo kwa miaka yote bila kusubiri utafiti.

Wasikilizaji wa mitetemo na migandamizo hiyo ni wa aina nne kuu, na wamegawana kazi. Karibu kabisa na uso wa ngozi, ndani ya matuta ya alama za vidole, vipo vifuko vidogo vinavyoitwa vifuko vya Meissner. Hivi huamka kitu kinapoanza kusogea, na kazi yao ambayo fundi anaihitaji kila dakika ni kugundua mtelezo. Sindano inapoanza kuteleza kati ya gumba na kidole cha shahada, vifuko hivi hupeleka habari, na mkono huongeza mkazo chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kabla wewe hujajua kwamba kuna kilichotokea. Habari hiyo isipofika, mkono haukazi, na sindano huanguka. Hivyo usijione mzembe. Mkono wako hauambiwi kwamba kitu kinateleza.

Jirani zao ni seli za Merkel, zilizokaa kwenye kina cha tabaka la juu. Hizi hazichoki haraka: zitaendelea kutoa taarifa muda wote ncha ya kitu inapogandamiza ngozi, na ndizo zinazokuwezesha kuupata upindo wa sketi au tundu la kifungo bila kutazama. Ndani zaidi ipo miisho ya Ruffini, inayohisi ngozi inapovutwa. Na chini kabisa, karibu na mafuta, vipo vifundo vya Pacini, ambavyo mimi navipenda kuliko vyote. Kila kimoja kina maganda mengi yaliyozungukana kama kitunguu, na urefu wake ni kama milimita moja, hata macho matupu yanakiona; Mwitaliano Filippo Pacini alivigundua miaka ya 1830 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alipokuwa akipasua mkono wa maiti. Maganda yale humeza mgandamizo wa polepole na kupitisha mtetemo wa haraka tu, hasa ule wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Ukishika meza ya cherehani yako mota ikiwa inazunguka, huo mngurumo unaoingia kiganjani unaletwa na vitunguu hivi.

Mbali na hao wanne kuna ncha tupu za neva, zisizo na kifuko wala ganda, zilizotawanyika kila mahali hadi ndani ya tabaka la juu, chini kidogo ya zile seli zilizokufa. Hizo ndizo za maumivu, joto, baridi na mwasho. Hakuna hata ncha moja ya unyevu. Ndiyo maana jioni ukianua kanga iliyosahaulika kambani unaigusa, unaigusa tena, na bado hujui kama ni mbichi au ni baridi tu: ubongo hukisia unyevu kwa kujumlisha ubaridi na namna kitambaa kinavyoigandia ngozi, na wakati mwingine hukosea.

Vipokezi vya mguso kwenye ngozi ya upande wa kiganja cha mkono mmoja, pamoja na vidole, vinakadiriwa kuwa kama 17,000, na vimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Ukichukua ncha mbili za mkasi mdogo ukazigusisha kidoleni zikiwa zimeachana kwa milimita mbili au tatu, kidole kitakwambia ni mbili. Mgongoni ncha hizohizo zingeweza kuachana karibu sentimita nne na bado ungeapa kwamba ni moja. Maandishi ya nukta nundu, yale wanayosoma watoto wasioona wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, yanawezekana kwa sababu hiyohiyo, maana nukta zake zimepangwa kwa nafasi ambayo ncha ya kidole inaimudu na sehemu nyingine nyingi za mwili zingeshindwa.

Namna mgandamizo unavyogeuka kuwa umeme wa neva ilikuwa fumbo hadi juzijuzi. Mwaka 2010 kundi la Ardem Patapoutian huko California lilikuwa na seli ambazo zilitoa umeme kidogo kila zikidungwa kwa kibomba chembamba cha kioo. Waliorodhesha jeni 72 ambazo huenda zilihusika, wakawa wanazizima moja baada ya nyingine wakitazama ni ipi ikizimwa seli inakuwa bubu, na jibu likapatikana kwenye jeni ya mwisho ya orodha. Protini waliyoipata, na ndugu yake inayoitwa Piezo2 ambayo ndiyo ya mguso, ni kijilango kilichopachikwa kwenye utando wa seli. Utando ukivutwa, kijilango hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na umeme huanza safari. Mwaka 2021 Patapoutian alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba na David Julius, yule aliyetumia kiini cha ukali wa pilipili kugundua kijilango cha joto linalounguza, kinachofunguka kwenye nyuzijoto kama 43. Kinywa kinachosema pilipili ni ya moto kinasema kweli kwa maana hiyo, kwa kuwa mlango uliofunguliwa ni uleule.

Sasa tunafika kwenye tatizo lako. Umeme ukishaanza kidoleni una safari ndefu. Neva ya mguso ni seli moja: kiini chake kimekaa kandokando ya uti wa mgongo wa shingo, mkono wake mmoja mwembamba umenyooka hadi ncha ya kidole, na mkono wa pili unapanda hadi chini ya ubongo. Seli moja, urefu wa karibu mita moja. Kwa hiyo unapouliza hisia inakaa wapi, jibu la uaminifu ni kwamba huanzia ngozini, husafiri, na hukamilika ubongoni, na inaweza kukatika popote njiani huku mwisho wa kidole ukiwa mzima kabisa. Umeme ukikatika Tandika, hulaumu balbu kabla hujaangalia nyaya.

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Neno mshipa tunalitumia kwa mshipa wa damu, kwa mshipa wa fahamu, na hata kwa kano, kwa hiyo mtu akisema mishipa imeziba, msikilizaji huwaza damu papo hapo. Jirani yako hakusema uongo kwa makusudi. Alisikia mshipa akaelewa bomba, ilhali unaozungumziwa ni waya. Tena kuna chembe ya ukweli katika maneno yake, maana neva nayo hulishwa na vijishipa vyake vidogo vya damu, na neva ikibanwa vijishipa hivyo hubanwa nayo. Ndivyo inavyokuwa unapolalia mkono ukafa ganzi. Lakini vidole ambavyo kweli damu haivifikii huwa baridi, hupauka na huuma. Bonyeza ukucha wa kidole chenye ganzi mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu ukirejea ndani ya sekunde mbili hivi, damu inafika.

Umeshangaa kwamba mguso umepotea lakini mchomo wa sindano umebaki. Hilo halina uchawi, ni mgawanyo wa nyaya. Habari za mguso hupita kwenye nyuzi nene za neva zilizofunikwa kwa ala ya mafuta, ambazo hukimbiza umeme kwa kasi inayozidi mita 35 kwa sekunde. Maumivu na joto hupita kwenye nyuzi nyembamba, baadhi zikiwa na ala hafifu, na nyingine hazina ala kabisa na huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mita moja hivi kwa sekunde. Ukiguswa na pasi ya mkaa utaziona aina zote zikipokezana: kwanza unajua umegusa, papo hapo unapata mchomo mkali wa haraka, mkono unavutika wenyewe kwa amri ya uti wa mgongo, halafu karibu sekunde nzima baadaye ndipo linapofika lile ungulio zito linalokufanya upulize kidole.

Nyuzi nene zina udhaifu mmoja: zikigandamizwa, ndizo za kwanza kuzima. Nyembamba hustahimili zaidi. Kinyume chake hutokea kwa daktari wa meno, ambako sindano ya ganzi huzima kwanza nyuzi nyembamba, na ndiyo maana jino linang'olewa bila maumivu lakini mtu bado anasikia likisukumwa na kuvutwa. Kwa hiyo mtu aliyepoteza mguso lakini akabaki na maumivu, kama ulivyo wewe, ananionyesha kidole kuelekea neva iliyobanwa.

Kubanwa wapi? Vidole vyako vimeshajibu. Gumba, shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete vinahudumiwa na neva moja, ambayo wataalamu huiita neva ya midiani. Kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete ni himaya ya neva nyingine, inayopitia nyuma ya kiwiko. Leo usiku chukua kipande cha pamba, fumba macho, na mtu wako wa nyumbani apapase kidole chako cha pete, kwanza upande unaotazama cha kati, kisha upande unaotazama cha mwisho. Upande mmoja ukiwa mzito na wa pili mzima, ugonjwa umeshajitaja karibu na jina. Damu haikati kidole katikati namna hiyo, na sugu vilevile.

Neva ya midiani ikifika kwenye kifundo cha mkono hupita ndani ya handaki dogo, ambalo kwa Kiingereza huitwa carpal tunnel na ndilo linaloupa ugonjwa huu jina, ambalo sakafu yake ni mifupa na dari yake ni ukano mpana mgumu. Ndani yake hupita pia kano tisa za kukunja vidole. Hakuna nafasi ya ziada. Kano zikivimba kidogo, au mwili ukihifadhi maji, mwenye kubanwa ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko wote mle ndani. Kifundo kikikunjwa nafasi hupungua zaidi, na wengi wetu hulala tumekunja mikono chini ya shavu. Ganzi ya usiku hutokana na hilo, na kule kung'uta mkono, ambako wewe umekutaja bila kuulizwa, ni dalili tunayomuuliza mgonjwa makusudi.

Je, kazi imesababisha? Imechangia, naamini. Kukata vitambaa vizito kwa mkasi butu huku kifundo kimepinda, siku nzima, kwa miaka, kunaongeza mzigo. Lakini mafundi wengi hufanya hivyo na hawapati tatizo, na wapo makarani na mama wa nyumbani wanaolipata. Huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wako na kuendelea. Huja na kisukari, na unene, na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, na baridi yabisi ya viungo, na ujauzito. Usichukie daktari akikuuliza habari za hedhi na akakupima sukari kwa ajili ya ganzi ya vidole; hajapotea njia.

Kuhusu tiba nitakueleza kama ningemweleza dada yangu wa kuzaliwa. Kama hali haijawa kali, jambo la kwanza ni kifaa cha kunyoosha kifundo, kinachovaliwa usiku kwa wiki sita hivi. Hupatikana katika maduka ya vifaa tiba, na wataalamu wa fiziotherapia hospitalini huweza kukupimia. Sharti lake ni kwamba kifundo kinyooke, kisipinde mbele wala nyuma, na kifaa kisikaze; bendeji iliyofungwa kwa nguvu inaongeza kubana kulekule tunakokukimbia. Watu wengi hupata usingizi wao tena kwa hilo peke yake. Sambamba na hilo noa mkasi, au ununue mwepesi, na gawanya kazi ya kukata isije yote siku moja. Najua agizo la kupumzika halina maana kwa mtu ambaye asipokata hapati chakula, kwa hiyo silitoi.

Hatua inayofuata ni sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa pembeni ya handaki na daktari anayeijua kazi hiyo. Hutuliza vizuri, mara nyingi kwa miezi kadhaa, lakini kwa watu wengi tatizo hurudi, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa muda. Ya tatu ni upasuaji mdogo wa kukata ule ukano wa dari ili neva ipate nafasi. Hufanywa kwa ganzi ya mkono tu na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Michomo ya usiku huondoka mapema, hisia hurudi polepole, na uwezo wa kushika kwa nguvu huwa hafifu kwa wiki kadhaa au hata miezi, jambo ambalo fundi anapaswa kulipangia kabla ya msimu wa Idi au wa sare za shule. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu mno huenda isirudi yote. Wewe una miezi minne. Hapo ndipo ninapotaka uharakishe.

Maji ya moto siyapendi hata kidogo katika hali yako. Ingawa maumivu unayasikia, mkono wenye ganzi hauaminiki kupima joto, na nimeona malengelenge makubwa yaliyoletwa na beseni la nia njema. Dawa ya kuchua haina madhara makubwa, na inatuliza kweli: mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso zikifika kwenye uti wa mgongo hufunga kwa kiasi lango la maumivu, na hiyo ndiyo sababu sote tunasugua goti tulilojigonga. Ila kuchua hakupanui handaki. Na vitamini B? Humsaidia mtu aliyepungukiwa nayo. Kwa asiyepungukiwa haifungui neva iliyobanwa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri: vitamini B6 ikizidi, hasa vidonge vya kiwango kikubwa vikitumiwa kwa miezi, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba mtu anaweza kuitibu ganzi kwa kitu kinachoiongeza. Usinunue pakiti ya nne.

Wasomaji wengine watajaribu kujipima kwa jibu hili, kwa hiyo niseme kwamba ganzi isiyofuata ramani yako ina maelezo mengine. Ganzi ya kidole cha mwisho humpeleka daktari kwenye kiwiko. Ganzi inayoanza kwenye nyayo zote mbili na kupanda kama soksi hutufanya tutafute kisukari kwanza, kisha pombe, upungufu wa vitamini B12, virusi vya Ukimwi, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo kwa kawaida hutolewa pamoja na dozi ndogo ya B6 kwa sababu hiyo. Mguu usio na hisia ni hatari kuliko unavyosikika: madaktari wa hapahapa Dar es Salaam waliripoti mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, bila kuamka. Baka la ngozi lililopauka na lisilosikia kitu likipapaswa kwa pamba lipimwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure na huuponya kwa miezi 6 au 12. Na ganzi inayoingia ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo; hapo mtu hasubiri kukuche, anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Wewe, dada, nenda ndani ya wiki hii au ijayo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu upime sukari, kisha omba rufaa, na kwa kuwa uko Tandika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke haiko mbali. Daktari atagonga kifundo chako kwa kidole, atakuambia ukunje vifundo vyote viwili migongo ya viganja ikigusana kwa dakika moja aone kama ganzi inaamka, na akiwa na shaka atakuelekeza kwenye kipimo cha mwendo wa umeme kwenye neva. Kabla hujatoka nyumbani weka viganja vyote viwili juu ya meza ya kukatia, kwenye mwanga, ulinganishe ile minofu ya chini ya gumba. Ukiona ya kulia imebonyea kuliko ya kushoto, au gumba linashindwa kusimama wima, mwambie mpokeaji wa kwanza utakayemkuta, kwa sababu foleni yako inabadilika. Na chukua zile pakiti tatu za vidonge, zikiwa tupu hivyohivyo, ili daktari asome kiasi cha B6 kilichokuwamo.